Maji ya Hariri

Sisi watu wa visiwani tumezoea maji yanayokwenda na kurudi. Maji yanayoanguka moja kwa moja ni mageni kwetu. Ndiyo maana nilipofika Materuni, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, nikasimama mbele ya maporomoko yenye kimo cha takriban mita 80, nilijihisi kama mtoto aliyeingia chuoni bila ya juzuu.

Mwalimu wangu alikuwa mpwa wangu, ambaye ndiye aliyeniazima kamera. “Mjomba, usikimbilie kubonyeza,” aliniambia. “Iweke juu ya stendi itulie. Mbingu nyeupe iache nje, itakula rangi zote. Tafuta jiwe la mbele, limwongoze mtazamaji hadi kwenye maji.” Mafunzo hayo hayakuwa mageni kwa mtunga mashairi. Picha, kama ubeti, huanza na mipaka. Mwenye mizani kumi na sita katika mshororo hawezi kusema yote, na anachokiacha nje hakimfanyi kuwa mwongo.

Kisha akanionesha siri ya maji. Kilango cha kamera kikifunguka kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, kila tone huganda hewani kama ushanga. Kikiachwa wazi kwa sekunde moja au mbili, maji yale yale huwa utaji mweupe, laini kama hariri. Ipi kati ya picha hizo mbili ni ya kweli? Jicho haliioni hii wala ile. Miaka yangu ya kufasiri imenifunza jambo hilo hilo: anayefuata neno kwa neno hupata shanga akapoteza uzi, na anayefuata mkondo hupata uzi akapoteza shanga. Kila mmoja ameacha kitu, na hakuna aliyedanganya.

Basi uongo huanzia wapi?

Katika picha moja alipita mwanamke, amejitwika mzigo wa majani ya ng’ombe. Tuliporudi, mpwa wangu akaifungua picha ile kwenye kompyuta. Akaupunguza mwanga mahali ulipozidi, na nyuzi za maji zikaonekana tena ndani ya weupe. Akayakoleza mawe. Halafu, kwa mpapaso mmoja wa kidole, akamfuta yule mwanamke. “Sasa imetulia, Mjomba.” Na kweli ilitulia. Nilikaribia kumshukuru.

Lugha yetu imeliweka neno moja mahali pawili: hariri ni kitambaa, na kuhariri ni kuisafisha kazi. Nilipoitazama picha ile laini nilikumbuka kosa langu mwenyewe. Zamani nilifasiri shairi la mtu aliyekwisha kufariki, nikauacha ubeti mmoja kwa kuwa ukali wake ulivunja utulivu wa mengine. Wasomaji waliusifu ulaini wa tafsiri ile. Mwenye shairi hakuwapo wa kudai chake.

Mwaka 1838, Mfaransa Daguerre alipiga picha ya barabara moja ya Paris. Kamera yake ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na kila aliyekuwa akitembea akatoweka. Akabaki mtu mmoja aliyesimama kung’arishiwa viatu. Chombo kile kiliwafuta watu kwa udhaifu wake. Sisi tunawafuta kwa uwezo wetu, na hapo ndipo lawama inapoingia.

Palikuwa pia na chupa ya plastiki baina ya mawe. Lau ningeinama nikaiokota, picha ingesafika na mto ungesafika. Kuifuta kwenye kompyuta kunaisafisha picha na kuuacha mto na uchafu wake. Na yule mwanamke? Ningeweza kungoja dakika mbili apite, au kumwamkia na kumwomba ruhusa. Kungoja kunakiri kwamba yupo, na kuomba kunakiri kwamba njia ile ni yake. Kumfuta kunalifanya bonde lile kuwa nchi isiyo na wenyewe, na nchi ya namna hiyo haichelewi kupata mtu wa kuidai.

Mpwa wangu hakukubali. “Picha si ushahidi wa mahakamani, Mjomba.” Ana hoja, kwani hata shairi si ushahidi. Walakini kila kazi ina ahadi yake. Mchoraji husema, “Hivi ndivyo nilivyowaza.” Mpiga picha husema, “Nilikuwapo.” Mfasiri husema, “Haya ni maneno ya mwenzangu.” Mwanga, kivuli na ulaini ni namna za kuitimiza ahadi hiyo. Kumwondoa aliyekuwapo, huku unaendelea kusema ulikuwapo, ni kuivunja.

Nilimwomba amrudishe mwanamke wetu, na kwa bahati picha ya asili alikuwa ameihifadhi. Sasa yupo pembeni, mdogo, na mzigo wake unaukata mstari wa maji. Picha haikutulia kama ile ya kwanza, nami ndiyo niliyoitundika ukutani.

Kuhusu ubeti, nimelitoa daftari la zamani. Ninaufasiri upya. Vina bado havijakubali.