Uzito Usioonekana: Maadili ya Kuitazama Bandari

1. Utangulizi

Katika maandishi ya safari za baharini kuna mandhari inayojirudia. Msafiri ametia nanga karibu na kisiwa cha tropiki, ameketi shetrini mwa mashua yake ya starehe, naye anatazama bandari ikiamka: majahazi yanashusha shehena, wachukuzi wanapanda na kushuka, wavuvi wanarudi na ngalawa zao. Makala hii inakusudia kuuliza kama furaha ya kutazama hivyo ina hatia, na ikiwa inayo, hatia hiyo inatoka wapi. Swali hili laweza kuonekana geni kwa msomaji wa Kisii au Nyamira, aishiye mamia ya kilomita kutoka pwani. Tutajaribu kuonyesha kwamba linamhusu kuliko anavyodhani.

2. Mtazamaji na Mchukuzi

Hoja iliyozoeleka ni kwamba kosa la msafiri ni ugeni wake: hakai, hivyo hana haki ya kuwasawiri wakaao. Hoja hii haitoshi. Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden mwezi Desemba 1938, akashuka nalo pwani ya Afrika Mashariki hadi kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Kitabu chake, Sons of Sindbad (1940), ni cha mgeni. Hata hivyo, kinaeleza madeni yaliyowafunga mabaharia na taabu ya kutafuta boriti topeni. Ugeni haukumpofusha, kwa kuwa aliishi miezi kadhaa katika chombo kimoja na wale aliowaandika.

Adam Shafi, kwa upande wake, anaisawiri bandari ya Unguja kutoka chini ya gunia. Riwaya yake Kuli (1979) inamfuata Rashidi, mchukuzi, hadi kwenye mgomo wa 1948. Mtu ambaye kutoka baharini angeonekana kama doa linalosogea gatini, humo ana jina, ana njaa, tena ana maoni juu ya ujira wake. Tofauti baina ya mitazamo hii miwili si ya ukweli na uongo, maana msafiri haongopi anaposema kwamba gati limejaa watu. Tofauti yenyewe ni uzito. Likitazamwa kwa mbali, gunia lina umbo na rangi, lakini halilemei. Tunadai, basi, kwamba mandhari ya msafiri aghalabu hupata uzuri wake kwa kuondolewa uzito, na hapo ndipo swali la maadili linapoanzia.

3. Bandari Zisizo na Bahari

Mgusii anaijua hali hii kwa kuwa yeye mwenyewe hutazamwa. Huko Tabaka, watalii huja kuona mawe ya sabuni yakichongwa. Wanaume huchonga, wanawake hupiga msasa na kuosha, na mgeni hupiga picha. Picha haionyeshi vumbi linaloingia mapafuni, wala jasho la kulitoa jiwe machimboni. Kinyago kilichong'arishwa hufika madukani Mombasa, na msafiri wa baharini akikinunua huenda akakiweka kando yake huku akiitazama bandari. Kazi mbili zimekutana mbele yake, na zote mbili zimepoteza uzito.

Nyamira nayo haiko mbali na gati. Majani ya chai huchumwa kwa mikono, husindikwa katika viwanda kama Kebirigo na Nyansiongo, huuzwa katika mnada wa Mombasa, kisha hupakiwa melini Kilindini. Mchumaji hubeba kikapu mgongoni, na shehena ya bandarini ni mwendelezo wa kikapu hicho. Hata hivyo, mashamba ya chai huchapishwa kwenye kalenda kama zulia la kijani, na mchumaji akawa nukta ndani yake.

Ila tusijitakase. Mwanafunzi wa bara asomaye Kuli kwa ajili ya harufu ya karafuu na upepo wa pwani tu, naye ameketi shetrini.

4. Pingamizi na Hitimisho

Mtu aweza kupinga kwamba hoja hii inaharamisha furaha. Je, mabaharia wenyewe hawalisifu jahazi lao? Wachongaji hawalifurahii jiwe lenye mshipa wa waridi? Wanafurahi, na pingamizi hili ni la haki. Uzuri si milki ya wasiofanya kazi. Lakini furaha yao inaujua uzito wa kile wanachokisifu, ilhali furaha ya mtazamaji yaweza kuendelea kwa sharti tu kwamba asiulize. Hatia, basi, haiko katika kutazama wala katika kufurahi, bali katika kukataa kuuliza.

Kwa mhakiki, hapa pana kigezo cha kusomea maandishi ya safari na hata riwaya zetu: nani anabeba, anabeba nini, analipwa na nani, na mwandishi ameketi wapi wakati huo? Tukiri kwamba kuuliza hakupunguzi uzito wa gunia. Mhakiki aliyeueleza mzigo hajautua. Lakini mnunuzi aliyekwisha kuujua uzito wa jiwe hawezi tena kuichukulia bei aliyotajiwa kuwa mchezo wa kubishana, na mchongaji wa Tabaka huishi kwa bei hiyo.