Uvumilivu wa mwandishi wa senario: ni ufundi ao ni adabu?

Vijana wengi wa miji yetu wanapenda kutengeneza filamu. Telefone inapiga picha, marafiki wanakubali kucheza, na kwa juma moja kazi imekwisha. Tukiwauliza: «Senario iko wapi?», wanajibu: «Iko katika kichwa.» Na tukiwaomba waandike, kisha waandike tena, wanatuuliza swali lisilofaa kudharauliwa: babu zetu hawakuandika kitu, na hadisi zao zilikuwa tamu, sasa taabu hii ya karatasi ni ya nini?

Tutazame vizuri namna wazee walivyofanya. Bibi aliyesimulia hadisi ya sungura karibu na moto hakuwa na daftari, ni kweli. Lakini alikuwa na wasikilizaji. Watoto wakisinzia, alijua kwamba pale amerefusha. Mmoja akiuliza: «Na chui alitoka wapi?», aliona tundu katika hadisi yake, na kesho yake aliliziba. Ile tunayoiita akili ya kuzaliwa ilikuwa kazi ya miaka, na wasahihishaji walikuwa watu wote wa nyumba.

Vile vile kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi. Walicheza kwa Kiswahili cha mji, bila kushika maneno yaliyoandikwa. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo juu ya methali isemayo kwamba mamlaka huliwa mazima. Johannes Fabian, mtaalamu aliyefuata kazi ile, aliieleza katika kitabu cha mwaka 1990: walijadiliana kwanza maana ya methali, wakapanga sehemu za mchezo, wakafanya mazoezi, ndipo mchezo ukapigwa picha kwa televisheni. Basi, kukosa karatasi si kukosa mazoezi.

Lakini kamera haisinzii wala haiulizi. Kosa likiisha kuingia katika filamu, linabaki. Ndiyo maana karatasi inachukua nafasi ya wale watoto wa kando ya moto: kosa lionekane mapema.

Tuchukue mfano. Kijana anaandika habari ya mjane ambaye ndugu za mume wanataka kumnyang'anya nyumba. Mara ya kwanza, mjane anatoa hotuba ndefu, na shemeji ni mnyama tu. Kijana asome tukio lile kwa sauti mbele ya mama mmoja aliyepita katika mambo hayo, na yeye mwenyewe afunge mdomo, asieleze. Mama anaweza kumwambia: «Siku ile sikusema neno. Nilikuwa nafagia uwanja, na wao wakihesabu viti.» Anaweza kuongeza kwamba shemeji alikuwa na deni, na aliona haya. Hapo hotuba inakufa, ufagio unaingia, na shemeji anakuwa mtu.

Kumbe haraka haikuharibu filamu peke yake. Iliwatendea watu pasipo haki, na ilitukana desturi yetu yote ya urizi bila kuitazama: wapi ililinda yatima, wapi tamaa iliigeuza. Mwenye kusimulia maisha ya wengine ana deni kwao. Kuandika upya ni kulipa deni lile kidogo kidogo.

Mtu atasema: wengine wanaandika upya miaka kumi na hawamalizi. Ni kweli, na pengine huo ni woga uliovaa nguo ya uvumilivu. Bibi naye hakungoja hadisi ikamilike ndipo aisimulie. Wasikilizaji wakiisha kuuliza, na maswali yao yakiwa hayabadilishi tena kitu, basi kamera iitwe.

Kwa kumaliza, tunajibu swali letu: ni ufundi, lakini mzizi wake ni adabu. Vyama vyetu vya utamaduni havina fedha za kununua kamera nyingi. Vina kitu kingine: wazee, wamama, na jioni. Tuwaite vijana waje kusoma senario zao mbele ya watu hawa, na sisi wakubwa tukubali kuuliza kama watoto: «Na chui alitoka wapi?»