Mwenyeji na Mgeni

Mwaka wangu wa tatu mjini Winnipeg, Kanada, nilialikwa kula supu katika kituo cha wenyeji wa asili, wale ambao mababu zao waliishi nchi hiyo kabla Mzungu hajaikanyaga. Ukutani lilikuwapo bango la kuishukuru serikali kwa fedha zake. Nikamwambia mzee mmoja wa kabila la Cree aliyeketi kando yangu, "Kumbe mnasaidiwa vizuri."

Akatafuna mkate wake mpaka akamaliza. "Na wewe ulipofika ulisaidiwa?"

Nikamjibu kwamba ndiyo. Nilipotoka Kigoma nilitafutiwa chumba, nikaonyeshwa hata basi la kupanda.

"Basi, wewe ni mgeni," akasema. "Na mimi je?"

Nakiri, msomaji, kwamba niliona haya.

Kituo cha kwanza cha namna hiyo mjini humo kilifunguliwa mwaka 1959, wenyeji walipokuwa wakihamia mjini kutoka maeneo waliyotengewa. Kwa muda mrefu serikali kuu ilihesabu kuwa wajibu wake ni hasa kwa waliobaki huko. Aliyehamia mjini ikamsukumia serikali ya jimbo, nayo ikamrudisha alikotoka. Mpango wa serikali kuu wa kuvigharimia vituo nchi nzima ulikuja mwaka 1972. Katika sensa ya 2021, wenyeji waliohesabiwa Winnipeg na viunga vyake walizidi 100,000.

Leo jambo hili huitwa ubia: serikali hutoa fedha, jamii hutoa watu na maarifa. Sisemi fedha zikataliwe, la hasha. Supu haipikwi kwa maneno. Lakini mtoa fedha ndiye mwandika fomu, na fomu huuliza sahani ngapi zimeliwa. Haiulizi kama mtoto amejifunza lugha ya bibi yake. Tena, hata ubia wa duka dogo huanza kwa kuhesabu mtaji wa kila mmoja. Ardhi uliposimama mji huo iliandikwa katika mtaji wa nani? Kama haikuandikwa popote, anayeitwa mfadhili huenda ndiye mdaiwa. (Nami simo nje ya deni hilo, chumba nilichotafutiwa kilisimama juu ya ardhi ileile.)

Siku ile sikuwa na jibu. Nilikwenda jikoni nikaosha sahani. Mzee akaja, akachukua kitambaa, akawa anazifuta.