Kisa cha Mama Mdogo ni cha Nani?

Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoipiga Dar es Salaam, mama yangu mdogo alikuwa akiishi Bonde la Msimbazi. Serikali iliwahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande, ikawapa viwanja. Naye alipata.

Baadaye, mimi nikiwa darasa la tano, tulikwenda huko kumsalimia jirani yake, tukakutana na watu wenye madodoso. Umekabilianaje na mafuriko? Akawajibu vizuri: alihama, kapewa kiwanja, anashukuru. Wakaandika, wakaondoka.

Hakuwaambia kwamba kiwanja keshakiuza. Kwani angefanyaje? Alikuwa akikaanga mihogo Kariakoo, saa kumi na moja alfajiri moto uwe umewaka. Nauli ya kutoka kule ingemeza faida yote. Akarudi bondeni, akapanga chumba. Kitanda akakiinua juu ya matofali. Vyeti vya watoto akavifunga kwenye mfuko wa nailoni, akavining'iniza juu kwenye boriti. Masika yakianza halali, anausikiliza mto. Kwenye dodoso matofali yale yangeitwa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Mwenyewe anaita kubahatisha.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ninapokwama. Wapo wanaosema kisa cha mtu mmoja hakithibitishi kitu. Sawa, mvua hupimwa kwa milimita, haipimwi kwa machozi ya mama mdogo wa mtu. Lakini kipimo cha mvua hakitakwambia kwa nini mtu aliyepewa nchi kavu anarudi kwenye maji. Mihogo itakwambia.

Tabu ni kwamba mwanamke huyo huyo ana visa viwili, na vyote vya kweli. Wenye madodoso walipata kimoja, mimi nikapata kingine. Nami sina usafi wowote, bwana. Nataka kuandika riwaya, nina njaa ya visa. Huenda nimepewa kile anachojua kitanifurahisha.

Siku hizi kapanga Mbagala. Juzi nilimpelekea karatasi hizi, nikamsomea. Kwenye matofali alicheka. Kwenye kiwanja akanyamaza, mpaka nikadhani kakasirika.

"Andika," akasema. "Jina langu tu usitie. Na lile la usiku ule, mwanangu, liache."

Nimeliacha. Riwaya yangu ilikuwa ianzie hapo hapo.