Alama ya Uzima na Uzima Wenyewe

Tujiulize jambo moja: je, alama ya uzima yaweza kumpa mtu uzima?

Zamani za kale, kandokando ya mto Nili, watu wa Misri walikuwa na alama waliyoitukuza sana. Ilifanana na msalaba, lakini mahali pa juu palikuwa na kitanzi chenye umbo la yai. Waliiita ankhi, maana yake uzima. Wataalamu wengine hudhani ni mfano wa gidamu ya kiatu, wengine husema ni mfano wa fundo. Katika kuta za mahekalu yao, miungu huonekana wakiishika mkononi na kuisogeza puani mwa mfalme, kana kwamba wampa pumzi. Pengine mfalme humwagiwa maji, na maji yenyewe yamechorwa kama mlolongo wa ankhi.

Mwaka 1922 Mwingereza Howard Carter alivumbua kaburi la mfalme Tutankhamun. Litazameni jina hilo: neno la uzima limo ndani yake. Kaburini mlikuwa na dhahabu nyingi, hata kibweta cha kioo cha kujitazamia kilichofanywa kwa umbo la ankhi. Lakini mwenye jina hilo alikufa kijana, mwenye umri wa miaka 19 hivi. Alama ilibaki, mwenyewe akaenda zake.

Je, tuwacheke Wamisri? Hasha! Walitamani uzima usiokwisha, na tamaa hiyo imo katika moyo wa kila mtu. Kutamani si kosa. Kosa ni kushika alama na kudhani umekwisha kushika kitu chenyewe. Kutaja bukari hakumshibishi mwenye njaa. Nasi twaweza kukosa vivyo hivyo. Yuko mtu avaaye msalaba shingoni kama hirizi, huku akimnyima mjane haki yake. Huyo amepita Wamisri kwa nini?

Labda mkatekumeni atauliza: «Na maji ya ubatizo, je, si alama vilevile?» Ndiyo, ni alama. Lakini nguvu ya alama haitoki katika umbo lake. Yatoka kwake yeye aliyeiweka. Wamisri walijichorea alama, wakangoja uzima utoke ndani yake. Ubatizo umewekwa na Kristu, naye mwenyewe ndiye atendaye kazi ndani yake. Ndiyo sababu mkatekumeni hafundishwi kuyatumainia maji, bali kumtumainia yeye, na kugeuza mwenendo wake.

Yapata mwaka 391, hekalu kubwa la mungu Serapis lilibomolewa mjini Alexandria. Mwandishi Socrates wa Constantinople asimulia kwamba katika mawe yake zilionekana alama zenye mfano wa msalaba. Wakristu na wapagani wakashindana, kila upande ukisema ni zake. Ndipo wengine waliojua maandiko yale ya kale wakaeleza kuwa maana yake ni uzima ujao. Baadaye Wakristu wa Misri, yaani Wakopti, waliichonga ankhi juu ya mawe ya makaburi yao, wakaifuma katika vitambaa.

Hawakuitupa alama ya mababu zao. Waliihifadhi, lakini hawakungoja tena uzima kutoka kwake. Walikwisha kumjua Mwenye kuutoa.

Nawe, ndugu, ukishika alama takatifu mkononi, jiulize: moyo wangu umemshika nani?