Mvua Haingoji Kikao

Wanangu wa Benaco, na nyinyi jirani zetu wa Nyakahura na Biharamulo, leo tuzungumze taratibu juu ya jambo ambalo nimeliona likirudiwa tangu enzi nilipoweza kubeba mkungu mzima wa ndizi mpaka gulioni. Masika yakizidi, kalavati linaziba, barabara inakatika, korongo linakula shamba la mtu. Kisha gari linakuja, wakubwa wanashuka na mabuti yao, wanatazama, wanatoa pole, na kikao cha dharura kinaitishwa. Pole tunaipokea, maana anayekuja kukupa pole anakujali. Ila mwaka wa pili kalavati ni lile lile na pole ni ile ile.

Mvua haijawahi kungoja kikao.

Sisi wa hapa tulipaswa kulijua hili kuliko wengine. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda iliyokuwa ikiungua kwa vita na mauaji, wakaja kutua hapa Benaco, wilayani Ngara. Ngara ilikuwa wilaya ya migomba, kahawa na maharage, na ghafla ikawa na mji mkubwa usio na choo wala jiko. Serikali na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walihangaika usiku na mchana, watu wakapata maji, dawa na mahindi. Lakini mahindi hayaliwi makavu. Ilikadiriwa kwamba kambi za wakimbizi za mkoa wetu wa Kagera, wakati zimejaa, ziliteketeza zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku, na kwamba misitu ya kilomita za mraba 570 iliguswa, 167 kati ya hizo zikaharibika vibaya. Walioanza kwa kuokota vijiti kando ya hema wakaishia kutembea mwendo mrefu wakitafuta mti. Wenyeji nao wakafuata njia hiyo hiyo. Majiko ya kubana kuni yalikuja, miche nayo ikaja, lakini shoka lilikuwa limeshatangulia.

Simlaumu mkimbizi. Mama mwenye maharage mabichi na watoto wanaolia hawezi kuuliza mti una umri gani. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao, na haukupita mwaka mvua za El Nino za 1997 na 1998 zikashuka Afrika Mashariki. Ardhi iliyonyang'anywa mizizi haina cha kushikilia udongo. Mzigo ule hakuubeba aliyeondoka wala aliyechelewa kupanga. Aliubeba mwanamke wa kijijini, ambaye kuni zilikuwa mbali na chemchemi imejaa tope.

Sasa hali ya hewa yenyewe imekuwa mgeni asiyepiga hodi. Vuli huchelewa, kisha hushuka yote kwa pupa, na mkulima aliyepanda maharage kwa tarehe za babu yake huyaona yakioza au yakikauka. Mama ntilie mwenye akili huloweka maharage jana yake, kwa sababu anajua kesho saa sita wateja watakaa mezani. Halmashauri zetu nazo zinajua nani anakuja na lini. Mwaka wa fedha unafunguka Julai mosi, katikati ya kiangazi, na vuli huku kwetu huanza Septemba. Miezi ile miwili ndiyo ya kuzibua makalavati, kuchimba mitaro na kuweka mbegu karibu. Fedha ikifika Novemba, inafika kununua pole.

Wala sheria hatujakosa. Ile ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mto au ziwa. Ile ya maafa ya 2022 inataka kamati kuanzia ngazi ya taifa mpaka kijiji. Lakini mtu halimi kingo za mto kwa ukaidi tu. Analima kwa sababu shamba la juu limechoka. Ukimfukuza bila kumpa njia nyingine, atarudi usiku. Mpango mzuri humtafutia kwanza mbolea, matuta ya kuzuia maji na miche ya parachichi au kahawa, ndipo umwambie asogee. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nao usiishie kwenye meza ya mkurugenzi. Afisa ugani aupeleke gulioni, auseme kwa Kihangaza na Kishubi, muuza mbegu na mnunuzi wake wausikie pamoja.

Na miti, wanangu. Kila halmashauri imeagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Siku ya kupanda tunapiga picha, tunakunywa soda, tunaondoka, na kiangazi mbuzi wanamaliza hesabu. Sisemi tusipande. Nasema anayeandika ripoti aandike miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, na kijiji kilichoitunza kilipwe kwa ile iliyosimama.

Na fedha za kazi hizi, wako waliokwisha kutuonyesha njia ya kuzipanga. Kule Longido, Monduli na Ngorongoro, kulijaribiwa mfuko wa kukabili mabadiliko ya tabianchi, ambao wananchi wenyewe, kwa kamati zao, walichagua kazi ya kufanya, kama kukarabati vyanzo vya maji. Jirani zetu wa Kenya, kaunti ya Makueni, mwaka 2015 walipitisha kanuni ya kutenga asilimia moja ya bajeti ya maendeleo kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi. Asilimia moja ni ndogo, lakini imeandikwa, na kilichoandikwa kwenye bajeti unaweza kukidai. Ahadi ya jukwaani utaidai kwa nani?

Tukumbuke pia kwamba maji hayana pasipoti. Ruvubu hutoka Burundi, hukutana na Kagera pale Rusumo, na maporomoko yale sasa yanazalisha umeme wa megawati 80 unaogawanywa kwa nchi tatu. Nchi zilizoweza kuketi pamoja kugawana umeme zinaweza kuketi kupanga ulinzi wa vilima vinavyolisha mto huo, na mkoa wa Kagera uwe wa kwanza kuita kikao hicho, kiangazi, kabla mawingu hayajafunga.

Madiwani wetu ni watu kama sisi. Husahau jua likiwaka. Basi tuwakumbushe. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, nenda, hata kama una maharage ya kupalilia. Inuka, uliza kwa adabu: fungu la mvua mwaka huu ni shilingi ngapi, nani analishika, na kazi inaanza lini? Usikae chini mpaka ujibiwe.