Neno Livaliwalo

Kanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Mwanamke wa pwani aendapo dukani kununua doti, rangi huitazama kwa jicho moja na jina kwa jicho la pili. Maneno hayo yalianza kutiwa katika kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi. Na Mombasa desturi hiyo hutajwa pamoja na Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla".

Mwanamke hujifunga kanga isemayo "Hasidi hana sababu" akapita mbele ya baraza ya jirani yake. Kinywa hakukifungua. Jirani akighadhibika na kuja kuuliza, jibu li tayari: nguo imetoka dukani, wanaivaa watu mia, na aliyejiona katika maneno hayo amejiona mwenyewe. Je, mwanamke huyu amesema au hakusema?

Wako wauitao usemi huu hila. Neno la kinywa lina mwenyewe; mwenyewe huweza kuulizwa, kulifuta na kuomba radhi. Neno la nguo huumiza kisha likakosa baba. Aliyetukanwa atamshitaki nani, pamba? Lawama hii ni nzito, lakini haikupima hali za watu. Yuko mke wa mitala ambaye adabu imemfunga asimjibu mume wala asigombane na mke mwenziwe. Nguo ilimpa ulimi ambao heshima ilimnyima. Na yule aliyelengwa ameachiwa mlango wa kutokea: aweza kujifanya hakusoma, au akanunua kanga ya kujibu, na mtaa ukalala salama. Faida hiyo si ndogo.

Ila kuficha ulimi ni jambo moja, na kuukana ni jambo lingine. Mtu aliyezunguka maduka matatu akitafuta jina moja, akaliacha zuri la rangi kwa ajili ya kali la maneno, hawezi kudai kwamba maneno yalimwangukia.

Katika jimbo la New Hampshire, Marekani, vibao vya namba za magari viliandikwa wito wa jimbo: ishi huru au ufe. George Maynard, Shahidi wa Yehova, aliona wito huo unapingana na imani yake, akaufunika. Alishitakiwa, akakataa kulipa faini, akafungwa siku 15. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba jimbo halina haki ya kumlazimisha awe mbeba wito wake. Kama kubeba neno si kusema, Maynard alikwenda gerezani kwa ajili ya rangi juu ya bati.

Mashaka yapo kwa maskini avaaye fulana ya mgombea. Amepewa bure, shati lake la pili limechanika, na kura yake labda iko kwingine. Ni dhuluma kumwita mnafiki. Huyu alichagua nguo, na neno likaja nayo. Mwenye kanga ya hasidi alichagua neno, na jirani akibisha hodi anastahili jibu lingine, si habari za duka.